Kambwa Kanakojoa Kila Kona ya Keja? Usikachape, Kawekee Ratiba

Umeleta kambwa kejani. Siku ya kwanza ni picha na video, kila mtu ameweka kwa status. Siku ya tatu kapeti inanuka, mto wa sofa umelowa, dada wa kazi anakuangalia vibaya na wewe umeanza kutembea na sandali mkononi. Kufikia wiki ya pili jirani ameshalalamika kwa keateka, na kuna mtu hapo ndani anasema, "Hii mbwa irudi ilikotoka."

Hivyo ndivyo kambwa kanajipata kamefungwa mnyororo nje kwa baridi, kamepeanwa kwa mtu wa kwanza aliyekubali kukachukua, ama kameachwa kando ya barabara usiku. Na ukichunguza vizuri unapata hakakuwa na makosa. Hakuna mtu alikaonyesha choo kiko wapi, wala hakuna mtu alikapeleka kwa wakati.

Habari njema ni kwamba hii kazi haihitaji mtaalamu wala pesa mingi. Inahitaji saa, sabuni, vipande vidogo vya nyama na watu wa nyumba moja wanaofanya kitu kimoja kila siku. Tumwite huyu mgeni wako Simba, juu hakuna mtaa hauna mbwa anaitwa Simba. Sasa skiza vile inaenda.

Kwanza, elewa mwili wake

Simba wa miezi 2 hakojoi ndani ndio akukomoe. Kibofu chake ni kidogo na misuli ya kukifunga bado haijakomaa. Watu wa mbwa hutumia hesabu rahisi: chukua umri wake kwa miezi, ongeza 1, hapo unapata masaa anayoweza kujizuia kabisa. Miezi 2 ni kama masaa 3. Miezi 3 ni kama masaa 4. Na hiyo ni akiwa ametulia ama amelala. Akiwa macho anacheza na kukimbia, hata saa 1 inaweza kuwa ndefu.

Kuna nyakati ambazo karibu lazima aende:

- Akiamka tu, iwe ni asubuhi ama ni kausingizi ka mchana.
- Dakika 5 hadi 30 baada ya kula. Tumbo likipokea chakula, utumbo unaanza kusukuma kile kilichokuwa mbele.
- Baada ya kucheza sana.
- Baada ya kunywa maji mengi.
- Kabla ya kulala usiku.

Ukishika hizo tano, umeshamaliza nusu ya kazi. Ukiona ameanza kunusa sakafu akizunguka mahali pamoja, ama ameacha mchezo ghafla na kuenda nyuma ya kiti, hiyo ni ishara. Uko na sekunde chache tu. Mbebe, usimwite akufuate, juu atakojolea njiani.

Pia jua hivi: watoto wa mbwa huzaliwa wakiwa hawawezi kujisaidia wenyewe. Mama yao huwalamba ndio watoe, kisha anasafisha. Wakifika kama wiki 3 wanaanza kusonga mbali na mahali wanalala wakitaka kwenda haja. Kwa hivyo tabia ya usafi wanakuja nayo, kazi yako ni kuipanua kutoka kitandani mpaka nyumba nzima. Shida inakuja kama aliwekwa kwa boksi ama kizimba kidogo muda mrefu akilalia uchafu wake. Huyo atakuchukua muda zaidi, kaza roho.

Ratiba yenyewe

Mbwa hajui saa ya ukutani, lakini mwili wake unajua. Akila wakati ule ule kila siku, atatoa wakati ule ule kila siku. Ndio maana kumwachia bakuli la chakula chini kutwa nzima kunaharibu kila kitu: anakula kidogo kidogo, na wewe huwezi kujua atahitaji choo saa ngapi. Weka chakula, mpe dakika 15 ama 20, kisha ondoa bakuli. Maji mwachie mchana.

Huku kwetu tuko karibu na ikweta, kwa hivyo jua linachomoza na kuzama karibu saa ile ile mwaka mzima. Ratiba ya Januari itakufaa hadi Agosti. Hii hapa ni ya kambwa ka miezi 2 hadi 3 kama kuna mtu nyumbani:

- Saa 12 asubuhi: akiamka tu, moja kwa moja chooni. Usisimame kumsalimia kwanza.
- Saa 12 na nusu: chakula, kisha choo tena.
- Saa 2 mpaka saa 6: choo kila baada ya saa 1 akiwa macho, na kila akiamka.
- Saa 6 mchana: chakula, kisha choo.
- Mchana: kulala, choo, kucheza, choo. Usichoke.
- Saa 11 jioni: chakula cha mwisho, kisha choo.
- Saa 2 usiku: ondoa maji.
- Saa 4 usiku: choo cha mwisho, hata kama amesinzia. Mbebe.
- Saa 8 usiku: weka alamu. Mtoe mara moja, bila kuwasha taa zote na bila mchezo, kisha arudi kulala.

Najua hiyo ya saa 8 usiku inauma. Ni ya wiki kadhaa tu. Ukiona anaamka akiwa mkavu, sukuma alamu mbele kwa nusu saa kila baada ya siku chache mpaka ifike alfajiri.

Kitu kingine cha chakula: wacha kumpa maziwa ya ng'ombe ukidhani unamlea vizuri. Mbwa wengi wakishaachishwa kunyonya, matumbo yao hayawezi kusaga ile sukari ya maziwa, na matokeo ni kuhara. Hakuna mbwa anaweza kujizuia akihara, hata awe na akili aje. Ukitaka kumbadilishia chakula, changanya cha zamani na kipya mos mos kwa muda wa wiki moja. Na hata kama ni ugali na omena ama matumbo, kisiwe na kitunguu, juu kitunguu ni sumu kwa mbwa.

Chagua choo kimoja na usihame

Mbwa hujifunza kwa pua na kwa miguu. Anakumbuka harufu ya mahali alipokojoa jana na anakumbuka kile alikanyaga: nyasi, mchanga, gazeti ama simiti. Leo ukimpeleka kwa nyasi, kesho kwa balkoni, kesho kutwa kwa bafu, unamwambia kila mahali ni choo. Ni hayo tu ameelewa.

Kama uko na kiwanja, chagua kona moja na umpeleke hapo kila mara, kwa njia ile ile. Mfunge kamba hata kama ni ndani ya geti, ndio asianze kufukuza vipepeo akasahau kilichomleta. Simama kama mti. Mpe dakika 5. Asipoenda, mrudishe ndani, mshike karibu nawe, kisha mjaribu tena baada ya dakika 10.

Kama unaishi flati, usikubali roofu iwe choo. Huko ndiko watu wanaanika nguo, na vita ya kikojo kwa shuka ya jirani haiishagi. Tafuta treyi kubwa ya plastiki, weka udongo na nyasi za kukatwa na mizizi yake, uiweke kona moja ya balkoni. Nyasi zikichoka, badilisha. Magazeti pia yanafanya kazi, lakini jua utakuwa na hatua ya pili ya kumtoa kwa gazeti kumpeleka nje. Hapo sogeza gazeti kidogo kidogo kuelekea mlango, usiliondoe ghafla. Kisha ukibadilisha, acha kipande cha gazeti chenye harufu yake ndio ajue ni kwake.

Na sasa kitu wengi hawaambiwi. Kabla Simba amalize chanjo zake, usimpeleke kukojoa mahali mbwa wa mtaa wanapita. Kuna ugonjwa wa parvo, unaoleta kutapika na kuhara damu, na unaua watoto wa mbwa haraka sana. Virusi vyake vinaweza kukaa kwa udongo miezi mingi. Chanjo huanza akiwa wiki 6 hadi 8, halafu zinarudiwa kila baada ya wiki 3 ama 4 mpaka afikishe karibu wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hudungwa akifika miezi 3, kisha inarudiwa vile daktari wa mifugo atakuambia. Kwa hivyo miezi ya kwanza, choo chake kiwe ndani ya geti ama kwa balkoni yako.

Neno moja, zawadi moja, papo hapo

Chagua neno. "Susu" ni rahisi, kila mtu kwa nyumba analijua. Simba akianza kukojoa mahali pazuri, sema "susu" mara moja, kwa sauti ya kawaida. Akimaliza, hapo hapo mpe zawadi na umsifu. Hapo hapo ni sekunde moja ama mbili. Ukingoja mpaka mrudi jikoni ndio umpe, atafikiria amelipwa kwa kuingia jikoni.

Zawadi si lazima itoke supamaketi. Chemsha maini bila chumvi, kata vipande vidogo kama punje ya mahindi, weka kwa kikopo karibu na mlango. Baada ya wiki kadhaa utaona ukisema "susu" anaanza kutafuta mahali. Hapo umefika mbali, hata usiku wa mvua hutasimama nje nusu saa.

Akimaliza, usimrudishe ndani mbio. Mpe dakika chache za kucheza. Ukimrudisha kila mara akimaliza tu, mjanja huyo atajifunza kujizuia ndio akae nje zaidi, kisha aje akojoe kwa kapeti.

Wakati huwezi kumwangalia

Kanuni ni hii: Simba akiwa ndani, ama unamwona, ama yuko mahali padogo palipo salama. Kumwacha azurure vyumba vyote ukiwa kwa simu ni kumtafutia makosa.

Mahali padogo panaweza kuwa kizimba cha mbwa, karatoni kubwa ngumu, ama kona iliyozungushiwa viti. Ukubwa uwe wa kutosha kusimama, kugeuka na kulala akiwa amejinyoosha. Kikiwa kikubwa sana, atalala upande mmoja na kukojoa ule mwingine. Weka blanketi kuukuu, mpe dishi yake humo wakati mwingine, apaone kama kwake. Pasitumiwe kama jela ya kumwadhibu, na asifungiwe humo kupita masaa anayoweza kujizuia. Ukimlazimisha kulalia mkojo wake, ile tabia ya usafi aliyokuja nayo unaiua mwenyewe.

Amekojoa ndani. Sasa?

Ukimpata katikati ya kitendo, sema "Eeh!" kwa sauti ya kumshtua kidogo tu, mbebe, mpeleke chooni kwake. Akimalizia huko, msifu kama kawaida.

Ukipata dimbwi baada ya kitendo, umechelewa. Chukua kitambaa upanguse. Usimburute, usimsukume pua kwa mkojo, usimchape na gazeti. Hii maneno ya kusugua pua ni ya kitambo na haifundishi kitu. Mbwa hawezi kuunganisha hasira yako ya sasa na kile alifanya dakika 20 zilizopita.

"Lakini anajua amekosea, angalia vile ameinamisha masikio!" Hapo ndipo wengi hudanganyika. Mwaka 2009, mtafiti wa Marekani anaitwa Alexandra Horowitz alichapisha utafiti kuhusu ile sura ya "nimekosa". Wenye mbwa waliwakataza mbwa wao kula kitu, wakatoka chumbani, kisha wakarudi wakiambiwa mbwa amekula ama hajakula. Wakati mwingine waliambiwa uwongo. Ile sura ya hatia haikufuata kama mbwa alikuwa amekula kweli. Ilifuata kama mwenyewe alimgombeza. Hata mbwa ambaye hakuwa amegusa kitu aliinamisha kichwa akigombezwa. Kwa hivyo unachokiona kwa Simba ni uoga wa uso wako.

Na uoga una bei yake. Mbwa aliyechapwa juu ya kukojoa anajifunza somo moja: kukojoa mbele ya huyu mtu ni hatari. Sasa ukimtoa nje anakataa kukojoa ukimwangalia, halafu mkirudi ndani anaenda nyuma ya sofa ama chini ya kitanda. Wewe unamwita mkaidi, kumbe ni wewe ulimfundisha kujificha.

Kusafisha nako kuna rada yake. Pua ya Simba ni kali kuliko yako mbali sana. Wewe ukisikia harufu ya sabuni tu, yeye bado anasikia choo chake cha jana, na atarudi hapo. Fyonza mkojo na gazeti ama tambara kavu, usiusugue ukasambaa. Osha na sabuni na maji, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha ikauke. Kwa kapeti, nyunyiza baking soda, ikae, kisha ufagie. Kama kuna duka la mbwa karibu, uliza dawa ya enzaimu ya kuvunja harufu ya mkojo.

Jik usimwage juu ya mkojo. Mkojo una amonia, na ikikutana na Jik inatoa gesi inayochoma macho na mapafu. Kwa bedsita isiyo na dirisha kubwa, hiyo si mchezo. Jik na siki pia usichanganye hata siku moja.

Kinyesi nacho, okota siku hiyo hiyo. Minyoo ya mbwa inaweza kuingia kwa watoto wanaochezea mchanga ama kutembea miguu mitupu. Muulize vetinari ratiba ya dawa ya minyoo, juu watoto wa mbwa wengi huipata kutoka kwa mama yao.

Uko job kutwa nzima?

Tusidanganyane. Kambwa ka miezi 2 hakawezi kukaa peke yake kutoka saa 1 asubuhi mpaka saa 1 usiku na kangoje mkavu. Kama hakuna mtu nyumbani, fanya moja ya haya:

- Chukua likizo wiki ya kwanza ama mbili, hizo ndizo za kuweka msingi.
- Elewana na jirani, kijana wa ploti ama keateka amtoe mara 2 ama 3 mchana, na umlipe.
- Mzungushie kona kubwa kidogo: kitanda upande mmoja, treyi ya nyasi ama magazeti upande wa pili. Atachelewa kidogo kujifunza, lakini hatalala kwa uchafu.
- Kama hizo zote haziwezekani, chukua mbwa mkubwa ambaye ameshafundishwa. Makao ya wanyama kama KSPCA huwa na mbwa wazima wanaotafuta nyumba, na wengi wanaweza kujizuia masaa kadhaa.

Nyumba nzima isome ukurasa mmoja

Hapa ndipo wengi huanguka. Wewe unasema "susu", watoi wanasema "pipi", cucu anasema "toka nje!" Wewe unampeleka kwa nyasi, mtu mwingine anamfungulia balkoni. Baba anamlisha meza saa 3 usiku. Simba anabaki na maboss wanne na sheria nne.

Andika ratiba kwa karatasi, bandika kwa friji. Kila aliyemtoa anaweka alama na saa: amekojoa, ameenda haja kubwa, hajaenda. Baada ya siku 5 utaona mtindo wake. Labda kila siku anakojoa ndani saa 9 alasiri. Basi mtoe saa 9 kasorobo, shida imeisha.

Na tafadhali, kama ni dada wa kazi anabaki naye, mwelezee vizuri na umwongezee kitu. Huwezi kumwachia watoto, jiko, nguo na mbwa, kisha jioni uanze kuuliza mbona kapeti imelowa.

Wakati si tabia, ni ugonjwa

Muone vetinari kama anakojoa matone matone kila dakika chache, kama mkojo una damu, kama analia akikojoa, kama anahara zaidi ya siku moja, ama kama alikuwa ameshajua vizuri akaacha ghafla. Akiwa anatapika, anahara damu na hana nguvu, usingoje kesho.

Kuna pia wale wanaoachilia kidogo wakifurahi sana ama wakiogopa mgeni. Hiyo si ukosefu wa adabu. Msalimie polepole, chuchumaa badala ya kumwinamia, na wengi huacha wakikua.

Itachukua muda gani?

Ukifuata ratiba bila kuruka, unaweza kuona ajali zikipungua ndani ya wiki chache. Wengi hushika vizuri wakiwa na miezi 4 hadi 6, wale wa miili midogo kama Maltese wanaweza kuchukua muda zaidi. Usimhesabu amehitimu kwa sababu ya wikendi moja safi. Ngoja wiki 4 bila ajali, kisha umfungulie chumba kimoja kingine, si nyumba yote. Akikosea, rudi nyuma hatua moja, mpunguzie nafasi na umtoe mara nyingi zaidi.

Kwa hivyo leo usiku, kabla ulale, fanya vitu vitatu: chagua choo kimoja, bandika karatasi kwa friji, na uweke alamu ya saa 8. Kesho saa 12 asubuhi mbebe Simba mpaka hapo, maini yakiwa mfukoni.